Daktari wa meno aliondoka baada ya miezi 14: atakayekuja atabaki?

Swali la msomaji: "Daktari, mimi ni diwani katika halmashauri moja ya vijijini magharibi mwa nchi. Hospitali yetu ya wilaya ililetewa daktari wa kinywa na meno, kijana, wa kwanza tangu hospitali ifunguliwe. Tulimpokea vizuri, akakaa miezi 14, kisha akahamia Dar es Salaam. Tumebaki na tabibu wa meno mmoja, mwenye stashahada. Katika baraza wapo wanaosema kwamba vijana wa siku hizi wanapenda mjini tu, na wapo wanaotaka atakayekuja asainishwe mkataba wa miaka 5. Je, tatizo ni vijana, au kuna jambo sisi wenyewe hatukulifanya? Na tufanye nini ili mwingine akija abaki?"

Mheshimiwa Diwani, nianze na hesabu ndogo iliyomo katika barua yako. Mtumishi mpya wa umma hukaa mwaka mmoja katika kipindi cha majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini, na ukiongeza miezi miwili ya kusubiri barua na kufuatilia uhamisho, unapata miezi 14 kamili. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wenu, kwa kuwa simfahamu, lakini nimewaona wengi wakiondoka karibu na mwezi huohuo, na tarehe hiyo hunionyesha kwamba uamuzi wa kuondoka ulifanyika mapema zaidi, pengine katika wiki ya tatu au ya nne, na miezi iliyofuata ilikuwa ya kungoja karatasi. Kwa hiyo, kabla hamjajadili tabia za vijana, ningependa baraza lijiulize kijana huyo alikuta nini siku alipofunguliwa mlango wa chumba cha meno.

Kwa upande wangu jibu nalikumbuka vizuri. Nilipomaliza utarajali, yaani mazoezi ya kazi baada ya chuo, nilipangiwa hospitali ya wilaya kusini-magharibi mwa nchi, na mganga mkuu wa wilaya, mtu muungwana sana, alinifungulia chumba yeye mwenyewe. Kiti cha meno kilikuwepo, tena kizuri, bado kina nailoni ya kiwandani pale pa kuegemeza kichwa, ila kilikuwa kimefunikwa shuka la wodini na juu ya shuka zimepangwa rejista za kliniki ya wajawazito. Kompresa ilikuwa imeungua wiki ya pili baada ya kusimikwa, umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Bila kompresa hakuna hewa ya kuzungusha mashine ya kuchimbia jino, kwa hiyo kiti chote, pamoja na taa yake na mrija wake wa kufyonza mate, kilikuwa kimegeuka kiti cha kukalia. Nilichokuwa nacho ni koleo za kung'olea, sindano za ganzi na sufuria ya kuchemshia vifaa.

Katika mwezi wa pili alikuja mwalimu wa shule ya msingi, dada wa miaka kama 25, mwenye tundu dogo kwenye jino la mbele la juu. Kwa mashine inayofanya kazi ni shughuli ya dakika 20: ganzi, kuchimba, kuziba, kung'arisha, na jioni anakula nyama. Nilimweleza ukweli kwamba pale sina cha kuzibia, na kwamba aende hospitali ya mkoa, safari ya saa 5 kwa basi, akiwa na nauli ya kwenda, ya kurudi na ya kulala. Hakwenda, na sikumlaumu. Baada ya wiki kadhaa alirudi akiwa na jipu na uso umevimba hadi chini ya jicho, tukamng'oa. Kila tulipokutana sokoni baada ya hapo alinisalimia huku amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga, na mimi, niliyesoma miaka 5 ili kuzuia jambo hilohilo, niliitikia nikiangalia nyanya.

Nimelisimulia hili kwa sababu ndani yake kuna jibu la sehemu kubwa ya swali lako. Daktari wa tiba akipelekwa mbali akiwa na stetoskopu, maabara ndogo na dawa za msingi, bado hufanya sehemu kubwa ya yale aliyosomea. Daktari wa meno si daktari tu, ni fundi wa mikono pia, na ufundi wake umefungwa kwenye mtambo: kiti, hewa, maji, umeme, eksirei ya jino, mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke, na vifaa vya kuzibia ambavyo vina tarehe ya kuisha. Kimoja kikikosekana, vingine havina kazi, na anabaki na koleo. Mwaka wa kwanza huvumilika. Katika mwaka wa pili huanza kuogopa, maana mikono ambayo haijatibu mzizi wa jino kwa miezi 20 husahau, na wenzake waliobaki mjini wanazidi kuwa wepesi. Akikaa miaka 4 anakuwa daktari wa kung'oa, na anajua kwamba siku atakapotaka kusomea ubingwa au kufungua kliniki yake, kuziba na kutibu mzizi ndiko atakakokuwa amekusahau na ndiko atakakoulizwa. Huyu anayekimbia ameshapiga hesabu ya miaka 30 ya kazi yake iliyobaki, na ningeomba wenzako barazani wasimhukumu kwa kupenda taa za mjini.

Fedha nazo zimo, wala sitajifanya hazimo. Mshahara wa serikali kwa cheo kimoja ni uleule, ukiwa Kinondoni au ukiwa mpakani, na kwa aliyesoma kwa mkopo, makato ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi popote ulipo. Tofauti ipo jioni. Daktari kijana wa Dar es Salaam akitoka kazini saa 9 alasiri anaweza kuingia kliniki ya mtu binafsi, akaziba meno mawili na kutibu mzizi mmoja, na akalipwa sehemu yake kwa kila kazi. Kwenu jioni yake haina kitu. Wananchi wanaoweza kulipia matibabu ya mzizi ni wachache, na hata hao wachache anaweza kuwahudumia tu kama kiti kinafanya kazi, kwa hiyo tunarudi palepale. Mambo ya nyumba, kazi ya mwenzi na shule ya watoto mnayafahamu kuliko mimi, kwa sababu walimu wenu na wauguzi wenu wanayalalamikia kila siku.

Kuna jambo la tatu ambalo sijasikia likitajwa katika mabaraza. Daktari wa meno wa wilaya huingia moja kwa moja katika timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri. Ni heshima, na kwa kijana wa miaka 27 inaonekana kama kupandishwa cheo siku ya kwanza. Kwa vitendo maana yake ni kwamba Jumatatu ana kikao, Jumanne yuko kwenye gari la usimamizi shirikishi akikagua zahanati ambazo hazina huduma ya meno hata kidogo, wiki ya chanjo anasimamia tarafa nzima, na wakati wa kuandaa mpango kabambe wa afya anafungiwa hotelini siku 10 akijaza majedwali. Wakati huo wagonjwa wa meno waliotoka vijijini kwa bodaboda wanakuta mlango umefungwa. Nimewahi kukagua rejista ya chumba cha meno ambapo, katika mwezi mzima, daktari mwenyewe alionekana siku 6. Hakuwa mvivu hata kidogo, alikuwa ametumwa.

Sasa niuguse mkataba. Kwanza, halmashauri haina mamlaka ya kumfunga mtumishi wa umma kwa karatasi ya baraza. Taratibu za ajira na uhamisho zina wenyewe, na mkijaribu mtapoteza muda na heshima. Pili, nchi zilizo na sheria kamili ya jambo hilo zimetupa funzo la kutosha. Afrika Kusini iliweka mwaka mmoja wa lazima wa utumishi wa jamii kwa madaktari mwaka 1998, na kwa madaktari wa meno mwaka 2000. Thailand huwataka wahitimu waliosomeshwa na serikali watumikie miaka 3, na anayetoka mapema hulipa fidia. Sheria hizo hujaza nafasi, na hilo si dogo kwa hospitali isiyo na mtu kabisa, lakini zinamleta mgeni mpya kila baada ya muda fulani, na mgeni huyo huhesabu siku kama wenu alivyohesabu. Mkataba unaoshika ni ule ambao mtu amepewa kitu kabla ya kudaiwa kitu. Japani ilianzisha chuo cha Jichi mwaka 1972, ambapo kila mkoa huchagua vijana wake, ada yao hukopeshwa, na deni hufutwa wakitumikia mkoa wao miaka 9. Chuo hicho ni cha madaktari wa tiba, si wa meno, lakini mantiki yake haibagui fani: aliyechaguliwa ni mtoto wa pale, na kwao ni pale.

Hapo ndipo palipo na ushahidi wenye nguvu kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwavutia na kuwabakiza watumishi wa afya vijijini mwaka 2010, likaupitia upya mwaka 2021, na jambo ambalo limesimama katika matoleo yote mawili ni kwamba mwanafunzi aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi kijijini, hasa ikiwa sehemu ya masomo yake aliifanya huko. Angalia basi mfumo wetu ulivyo. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno nchini yalianza mwaka 1979, na kwa miongo mingi yalitolewa Muhimbili peke yake. Tunamchukua kijana, hata yule wa kwenu, tunamweka Dar es Salaam kwa miaka 5, umri wa miaka 20 hadi 25, umri ambao watu hupata marafiki wa maisha, wachumba na walezi wa kikazi, kisha tunashangaa kwamba anataka kubaki walipo watu wote anaowajua. Mafunzo ya vitendo vijijini yapo, lakini ni ya wiki chache, na mara nyingi mwanafunzi hupelekwa kwenye chumba kama kile changu, akarudi akiwa amejifunza kwamba huko hakufai.

Kubadilisha chuo si kazi ya diwani. Mnaloweza kulifanya ni kuwajua kwa majina watoto wenu wanaosoma tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kumleta mmoja au wawili wakati wa likizo wakae na tabibu wenu, waone kazi. Na msitazame shahada peke yake. Stashahada ya utabibu wa kinywa na meno ni ya miaka 3, na kijana wa kata yenu akiipata, akapangiwa kituo cha afya cha tarafa jirani na nyumbani kwao, mimi ningeweka fedha zangu kwake kabla ya kuziweka kwa daktari kutoka mbali.

Najua hapa nitaonekana namdharau daktari mwenzangu, kwa hiyo nieleze. Kadiri ninavyokumbuka rejista za wilaya nilikofanya kazi, wagonjwa wengi mno walikuwa na mambo matatu: jino lililooza la kung'oa, jipu, na tundu ambalo lingezibwa kama lingewahiwa. Hayo yote ni kazi ya tabibu aliyefunzwa vizuri. Wazo la kuwa na mhudumu wa meno asiye daktari si la kimaskini; New Zealand ilianza kuwafunza wauguzi wa meno wa shule mwaka 1921, ikawapeleka mashuleni, na nchi nyingi zikaiga. Na kuziba jino kwa vifaa vya mkono, yaani kukwangua sehemu iliyooza kwa kijiko kidogo chenye makali na kuijaza saruji inayojigandisha yenyewe, bila umeme na mara nyingi bila ganzi, ni njia iliyobuniwa hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya msingi ya kinywa uliosimamiwa na watu wa chuo cha meno cha Dar es Salaam, Jo Frencken akiwa mbele. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Mwaka 2021 aina ya saruji inayotumika sasa kwa kazi hiyo iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Yule mwalimu niliyemng'oa jino angeweza kupona kwa njia hiyo. Vifaa vyake vinaenea katika mfuko wa shule, na mimi sikuwa navyo kwa sababu hakuna aliyeviagiza, nikiwemo mimi mwenyewe, niliyekuwa nikisubiri kompresa kwa kiburi cha mtu mwenye shahada.

Daktari anahitajika kwa yale ambayo tabibu hapaswi kuyabeba peke yake. Uvimbe wa taya usiouma, ambao kwa ndani ni ugonjwa unaokula mfupa, hukaa kijijini miaka ukitibiwa kwa chale na majani, hadi mgonjwa anafikishwa rufaa akiwa hawezi kufunga mdomo. Jipu la jino la chini likiteremka shingoni na kuinua ulimi, mtu anaweza kuzibwa pumzi kabla gari la wagonjwa halijapata mafuta. Kuna pia habari ya meno ya plastiki, ambayo naamini unaifahamu: mtoto mchanga ana homa na anaharisha, bibi anaona weupe kwenye ufizi, mtoto anapelekwa kwa mtu anayechokonoa vichipukizi vya meno kwa kitu chenye ncha. Ugonjwa wenyewe uliokuwa ukitaka maji ya chumvichumvi na dawa ya malaria unaendelea, na juu yake kuna kidonda. Daktari mmoja anayesimama dakika 10 kila wiki kwenye kliniki ya watoto, akawaonyesha mama ufizi wa kawaida wa mtoto, anaweza kuliondoa hilo katika kata nzima, lakini ni lazima awepo kwa miaka, awe mtu anayejulikana jina.

Sasa, atakayekuja atabakije? Kiti kwanza. Kabla hamjaandika barua ya kuomba daktari, kamati yenu ya huduma za jamii ikaingie ndani ya chumba, iwashe kompresa, imwone mtu akichimba jino kwa mashine hiyo. Nunueni stabilaiza, kifaa cha kudhibiti nguvu ya umeme, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko kompresa moja iliyoungua. Katika mpango wa afya wa halmashauri huduma za kinywa na meno zina nafasi yake, lakini mara nyingi nafasi hiyo hujazwa semina na maadhimisho; ombeni humo vionekane vipuri, saruji na fundi wa vifaa tiba kwa tarehe maalumu. Chumba cha meno kinachofanya kazi huingiza fedha za papo kwa papo, na utaratibu wa kupeleka fedha moja kwa moja vituoni umezipa hospitali nafasi ya kuamua zaidi kuliko zamani. Mkikubaliana na mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa hospitali, kwamba sehemu ya makusanyo ya meno irudi kununulia vifaa vya meno, daktari ataona kazi yake inajilisha, na hilo lina nguvu ya ajabu kwa fundi yeyote.

Pili, mlindieni siku zake. Siku 4 kwa wiki zisiguswe na kikao wala kampeni. Hili halihitaji fedha, linahitaji mkurugenzi na mganga mkuu wakubaliane mbele yenu.

Tatu, tibuni ile hofu ya mikono kusahau. Iandikieni hospitali ya rufaa ya mkoa mkaombe daktari wenu afanye kazi huko siku 3 au 4 kila mwezi, chini ya daktari wa meno mwenye uzoefu zaidi, kwa kazi ambazo kwenu hazipatikani. Atasafiri na wagonjwa aliowachuja mwenyewe, atarudi na ujuzi na pengine na vifaa vya kuazima, na hatakuwa peke yake kitaaluma. Nimewauliza vijana wengi kipi kingewabakiza, na jambo la kuwa na mtu wa kumpigia simu saa 2 usiku na kumtumia picha ya eksirei hutajwa mara nyingi kuliko posho. Nyumba ipo baada ya hapo. Iwe na maji na ufunguo wake, na asiipate baada ya miezi 8 ya kupanga chumba nyuma ya baa.

Kuhusu jioni yake, hospitali kubwa za umma zimekuwa na utaratibu halali wa kuhudumia wagonjwa binafsi baada ya saa za kazi na kugawana mapato. Kwa wilaya yenye walimu, watumishi wa benki na wafanyabiashara wa mazao, siku 2 za namna hiyo kwa wiki si ndoto, ila liongozwe na mwanasheria wa halmashauri tangu mwanzo ili lisije likageuka njia ya kumnyima mwananchi wa asubuhi huduma.

Akifika mwaka wa tatu akaomba kwenda kusomea ubingwa, mruhusuni, na huo ndio wakati wa kuzungumza mkataba, kwa sababu sasa mna kitu cha kumpa. Wengine hawatarudi. Mtakuwa mmepata miaka 3 ya kazi kamili badala ya miezi 14 ya koleo, na chumba kitakachomvutia anayefuata.

Na wakati mnangoja, nendeni kwa huyo tabibu mliyebaki naye, ambaye barua yako imemtaja kwa maneno machache tu. Muulizeni ni nini kimekwisha katika kabati lake na tangu lini, na kama ana vifaa vya mkono vya kuzibia. Muulizeni pia kama yupo mtu wa kumshikia zamu siku anapougua.